Daktari wa Ng'ombe Aliyekataa Kunichagulia

Mwaka niliomaliza kidato cha sita niliomba udaktari wa binadamu katika kila chuo nilichokijua, na hakuna hata kimoja kilichonichukua. Nilikuwa nimefaulu, ila fizikia ilinivuta chini. Awamu ya pili ya maombi ilipofunguliwa ilibidi nichague kitu kingine, na kila mtu nyumbani kwetu Marangu alikuwa na jibu lake. Kaka yangu alisema nisome biolojia, nipate alama nzuri, kisha nirudi kuomba udaktari. Baba aliona udaktari wa wanyama kwenye orodha, akaridhika.

"Huo nao ni udaktari," alisema. "Watu watakuita daktari, basi."

Wiki hiyohiyo ng'ombe wetu alizaa, na kesho yake mchana akashindwa kuinuka. Alilala bandani shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio ya baridi. Mama alimpigia simu daktari wa mifugo wa kata, mwanamke wa makamo, naye akafika kwa pikipiki, buti zimejaa tope.

"Shikamoo, daktari," nilimwamkia.

"Marahaba. Niletee maji ya moto kwenye beseni, halafu usiende mbali."

Aliitumbukiza chupa ya kalsiamu, madini ambayo humwishia ng'ombe mwilini akishazaa, kwenye yale maji ipate uvuguvugu, na wakati inasubiri akausikiliza moyo wa ng'ombe. Hakuwa na haraka hata kidogo, ingawa mama alikuwa amesimama nyuma yake akipumua kwa nguvu. Kisha akaupata mshipa wa shingo, akachoma sindano mara moja tu, akanikabidhi chupa iliyounganishwa nayo kwa mpira.

"Inyanyue usawa wa bega lako. Nikisema shusha, shusha. Dawa hii ikienda mbio inasimamisha moyo."

Nilisimama hapo nimeinyanyua chupa. Yeye alikuwa amefumba macho, kifaa cha kusikilizia masikioni. Mara mbili alisema shusha, mara mbili tukangoja. Chupa ilipokaribia kwisha ng'ombe alitetemeka mwili mzima, akacheua, akakojoa, akajaribu kuinuka akashindwa. Akajaribu tena, akasimama. Daktari alimfuta shingo kwa kitambaa na kumwambia mama asimkamue maziwa yote kwa siku chache zijazo.

Aliponawa mikono mpaka viwikoni, mama alimkaribisha jikoni akampa kikombe cha mtori, supu nzito ya ndizi na nyama.

"Daktari, huyu mtoto alitaka kutibu watu, wamemnyima nafasi," mama alisema. "Mwambie akasome kazi yako."

Nilikuwa tayari kuambiwa. Baada ya nilichokiona bandani, angetamka neno moja tu ningejaza fomu palepale. Yeye alimaliza kikombe chake kwanza.

"Siwezi kumwambia hivyo, mama. Ameniona siku ambayo ng'ombe amesimama. Hajaniona siku nyingine." Akanigeukia. "Ng'ombe alipokuwa anainuka, wewe ulikuwa unatazama nini?"

Nilifikiri. "Nilikuwa namtazama mama. Alikuwa ameshika nguzo ya banda, nikaogopa ataanguka."

"Mimi nilikuwa natazama miguu ya nyuma," alisema. "Mama yako sikumwona kabisa."

Kisha akaniambia siku ya mnada wa mifugo nifuatane naye Sanya Juu, alikokuwa akienda kumsaidia daktari mwenzake. Nilikwenda. Kutwa nzima alikagua mifugo, akaandika vibali na kubishana na wafanyabiashara waliotaka kusafirisha mbuzi wenye vidonda midomoni. Vumbi lilitujaa mpaka kwenye kope. Hapakuwa na mnyama hata mmoja aliyefufuka, lakini niliona jinsi alivyokuwa akiwashika wale mbuzi taya, kwa upole uleule, wa kwanza hadi wa mwisho.

Jioni, tukila ndizi choma kando ya barabara, nilimuuliza kama aliwahi kujuta.

"Mimi nilitaka udaktari wa watu, kama wewe," alisema. "Mwaka wa kwanza wote nilisoma kozi moja akili ikiwa kwenye nyingine. Nilikuwa mwanafunzi mbaya sana. Mwaka wa pili nikaanza kuwapenda hawa wanyama, bahati yangu. Wewe usitegemee bahati. Udaktari unaweza kuja, unaweza usije. Tafuta kozi ambayo, hata udaktari usipokuja, utaamka asubuhi uende kazini bila kinyongo. Na usinichague mimi. Mimi si kozi."

Sikuwa nimewahi kukutana na mtu mzima anayeipenda kazi yake kiasi kile na asitake kuniuzia. Angeweza kunivuta kirahisi, na ingempendeza baba pia.

Nilikumbuka nilivyomtazama mama bandani, nikachagua uuguzi. Baada ya siku mbili baba akauliza tu chuo kinafunguliwa lini. Nilisoma miaka minne, nikafanya kazi wodini, na kuna miezi mizima niliyosahau kwamba niliwahi kutaka kingine. Nilipoomba udaktari tena, kwa shahada ile, nilijua kabisa kwamba wakikataa nitarudi kwa wagonjwa wangu Jumatatu, na hilo halikuniumiza. Walinikubali. Sasa niko mwaka wa tatu, miongoni mwa wakubwa kwa umri darasani.

Siku nilipopata barua ya kukubaliwa nilimpigia simu yule daktari wa mifugo. Alikuwa mahali anamzalisha ng'ombe, akakata. Kesho yake asubuhi akanipigia mwenyewe. Alinipongeza kwa maneno machache, kisha akaanza kuniuliza habari za uuguzi: ni kitu gani nimejifunza ambacho madaktari hawakijui vizuri.

Nikamwambia, kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza.

"Mnafanyaje?" akauliza. Nikamweleza hatua kwa hatua, naye akawa ananikatiza na kuuliza mikono inakaa wapi.