Saa ya Ukuti

Juzi pale Ngamiani nilimwona baba mmoja akimsukia bintiye saa ya ukuti ya kuvaa mkononi. Nikamuuliza mama mtu yuko wapi. "Kaenda sokoni," akasema. Sikumwamini.

Baba yangu alinisukia saa kama ile mama alipolazwa hospitali. "Ikikauka, mamako atarudi." Kila nikiinusa, inanukia ubichi uleule wa jana. Nikaingiwa na shaka. Mchana mmoja, kabla ya kulala, niliing'ata ukingoni. Nilipoamka, baba alikuwa akikuna nazi uani, na saa mkononi mwangu haikuwa na alama hata ya jino moja.

"Baba, umeibadilisha!"

"Nani, mie?" Hakuinua macho.

Nyuma ya jiko, chini ya vifuu, nilikuta saa zangu zote za nyuma zimekauka, na ile yenye alama za meno yangu imelala juu yake. Kumbe baba hataki mama arudi! Nikamnunia, na wali wake wa nazi nikaukataa.

Mama aliporudi, saa yangu ilikuwa bado mbichi, nikazidi kumshuku baba. Ukubwani ndipo nilipoelewa: hata yeye hakujua mama atarudi lini, wala kama atarudi.