Siku Kumi na Moja za Nadine

Nadine Wachowiak alikuwa ametafiti sera za ulinzi hapa Washington kwa miaka kumi na tisa, na katika taasisi yetu hakuna aliyethubutu kubishana na takwimu zake. Baba yake alikuwa fundi wa mabasi kule Toledo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa gwanda, lakini majenerali walimpigia simu kumuuliza mambo.

Asubuhi ile alitakiwa mbele ya kamati ya Seneti saa nne. Muswada wa kufunga kambi moja ya kaskazini uliegemea ripoti yake: kwamba jeshi linaweza kufikisha askari elfu nne Alaska kwa siku kumi na moja, kambi iwepo isiwepo.

Saa mbili akaingia ofisini kwangu, uso umemsawajika.

"Russ, zile siku kumi na moja nimezifuatilia. Sisi tulizitoa kwenye ripoti ya wenzetu. Wao wamezitoa kwenye kitabu. Unajua kitabu kilizitoa wapi?"

"Wapi?"

"Kwangu! Tasnifu yangu ya uzamili. Nilikisia, nikaandika pale chini kwamba nimekisia. Watu wakanakili namba, maelezo wakayaacha."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tulikwenda kwa Garrett Loomis, mkurugenzi wetu. Akafunga mlango.

"Dada, unataka kutuzika? Nani atakuuliza? Soma ulichoandika, urudi tukale."

"Na wakiuliza?"

"Sema ni makadirio ya wataalamu."

"Mtaalamu gani, Garrett? Binti wa miaka ishirini na minne aliyekuwa anakimbizana na tarehe ya kuwasilisha tasnifu?"

Garrett akatazama saa.

Kwenye kikao nilikaa nyuma yake. Akasoma alichoandika. Maseneta wakauliza kuhusu barabara, kuhusu theluji, kuhusu Warusi. Kuhusu siku zile, hakuna. Mwenyekiti, Seneta Prewitt, akamshukuru, akashika nyundo yake ya kufungia kikao. Nikashusha pumzi.

Nadine hakuinuka.

"Mheshimiwa, naomba kusahihisha ushahidi wangu. Siku kumi na moja nilizikisia nikiwa mwanafunzi. Ukweli siujui. Sidhani kama yupo anayeujua."

Seneta akavua miwani.

"Mama, unatuambia miaka yote hii tumekuwa tukisoma kisio lako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hata mimi nilikuwa nalisoma."

Kura ikaahirishwa. Wafadhili wawili wakatukimbia, na kabla ya majani kupukutika Nadine alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi. Jeshi likalazimika kufanya zoezi la kweli, kwa watu na magari, hadi Alaska. Zikapatikana siku ishirini na sita.

Mwaka uliofuata kambi ikafungwa vilevile, kwa sababu nyingine kabisa. Nilimpigia Toledo, anakofundisha siku hizi, nikampa habari.

"Russ, wewe umewahi kufika Alaska?"

"Sijawahi."

"Hata mimi," akasema.