Mpira wa Majina Kumi na Moja

Katika nyumba yetu ya Ibra, Oman, kulikuwa na chumba kimoja ambacho joto halikuruhusiwa kuingia. Kiyoyozi kiliwaka humo mchana na usiku, hata miezi ambayo sisi wengine tulilala madirisha wazi, kwa sababu babu yangu mzaa mama alisema ngozi ikishakauka haina dawa. Alikuwa na maana ya ngozi ya viatu vya mpira. Humo aliweka vitu vyake vya kandanda ya Unguja: filimbi ya refa, viatu vya njumu vilivyokakamaa kama magome, beji za kitambaa, picha za timu ambazo wachezaji wamekunja mikono na hacheki hata mmoja, na jezi ya sufu ya golikipa, ya kijani, yenye shingo ndefu. Sikuelewa mtu aliivaaje katika joto la Unguja. Nilipomuuliza alisema, "Tulikuwa tukijikaza."

Hakuna hata kimoja alichotoka nacho. Aliondoka Unguja kijana, baada ya mapinduzi, na mkoba wa nguo, na siku hizo hakuna aliyefikiria filimbi. Vyote alivitafuta akiwa huku, mtu mzima mwenye wajukuu, kimoja kimoja, kwa watu waliobaki na masanduku ya zamani: Maskati, Sur, Jaalan Bani Bu Hassan, mpaka Dar es Salaam kwa simu. Wazee wenzake walikusanya majambia na mabirika ya fedha. Yeye alikusanya vitu ambavyo wauzaji wenyewe waliona haya kuviuza.

Nilipoanza chuo Nizwa, Ijumaa zikawa zetu. Alikuwa akiletwa na jirani aliyekwenda kwenye mnada wa mbuzi, na huku mbuzi wakizungushwa mbele ya wanunuzi, sisi tulipita upande wa pili, walikouza bunduki kuukuu na vyombo vya majumbani. Hapo ndipo alipouona. Ulikuwa chini ya meza, kati ya feni bovu na rundo la makufuli: mpira wa ngozi, wa zamani, ule wa kufungwa kwa kamba kama kiatu, umenywea upande mmoja.

Hakuugusa. Alichukua birika la kahawa lililokuwa juu ya meza.

"Bei gani hili?"

"Hili la tangu zama za babu yangu, ami."

"Babu yako alikuwa akinywa mbio? Limetoboka."

"Limetoboka kwa heshima."

Walivutana juu ya lile birika mpaka nikaanza kutokwa na jasho kwa aibu, maana mimi nikisikia watu wanabishana bei huwa naona wote wawili wananikasirikia mimi. Mwishowe babu akakubali, akatoa fedha, kisha akasema kama mtu aliyekumbuka jambo lisilo na maana: "Nipe na ile takataka ya ngozi, wajukuu wakachezee." Muuzaji akacheka, akaichomoa chini ya meza na kumrushia.

Babu wakati ule hapandi ngazi ila kwa kushika ukuta. Lakini ule mpira aliudaka. Mikono ilitangulia, kifua kikafuata, kichwa kikainama juu yake, yote kwa wakati mmoja, na muuzaji akaacha kucheka.

Jirani alitupakia sote kurudi Ibra. Tulipofika Sinaw tukasimama kunywa chai, akakataa kuuacha kwenye gari kwa sababu ya jua, akaingia nao mkahawani na kuuweka kwenye kiti chake peke yake. Hapo ndipo aliponionyesha. Kuzunguka ngozi kulikuwa na majina, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia, kwa hati za Kiarabu na za kizungu zilizochanganyika. Wachezaji wote wa timu yake walikuwa wameusaini mwisho wa msimu mmoja. Kepteni ndiye aliyebaki nao, na kepteni alikufa hukuhuku Oman, na watoto wake walihama nyumba.

"Huyu mimi," alisema, akiweka kidole juu ya jina moja.

Niliusoma mwandiko ule. Ulikuwa wa mtu mdogo kuliko mimi.

Baada ya hapo, kila nilipokwenda Ibra tuliketi katika kile chumba cha baridi, yeye amejifunika shali, tukaupangusa mpira kwa kitambaa laini, na akanieleza jina moja. Jina moja tu kwa mkao mmoja. Mlinzi wa kulia aliyeogopa mvua. Winga aliyesoma Kurani kwa sauti nzuri mpaka timu pinzani wakaja kumsikiliza. Mshambuliaji wa kati, ambaye alikuwa bado hai, anakaa Sur: "Mwongo yule. Mdomo wake mwongo. Lakini mguu wake ulisema kweli." Nikimwambia aendelee na la pili alinitazama kama nimeomba sahani ya pili ya wali kwa watu. Na mimi, ambaye huhofia kila kitu, ambaye hurudi mlangoni kuhakikisha nimefunga kisha nikarudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha, kwa hili peke yake sikuhofu. Niliona muda upo.

Alikufa majina hayajaisha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha maliza chuo na sina kazi, kwa hiyo nilikuwa nyumbani kuliko wote, na kila asubuhi nilikwenda kusikiliza kama kiyoyozi cha kile chumba bado kinanguruma. Niliutaka ule mpira. Sikutaka kingine chochote katika nyumba ile. Lakini mtoto wa binti si mrithi, na hilo nililijua kabla hajaniambia mtu. Mama alisema atanipa kutoka katika fungu lake. Mjomba wangu mkubwa, ambaye si mtu mbaya, akasema hapana.

"Tukianza kuchomoa kimoja kimoja tutagombana," alisema. "Viatu havigawiki kwa mizani. Tutanadi vyote, ndugu na wasio ndugu, kisha kila mwenye haki apate haki yake. Kijana akiutaka, aje anunue kama watu."

Ilikuwa haki, na ndiyo iliyoniuma. Ningepata wa kumlaumu ningelala vizuri zaidi. Mama aliniongezea kwenye akiba yangu, nikawa na kiasi ambacho kwa mpira ulionywea kilikuwa kikubwa mno. Wiki nzima nilijizoeza kutaja bei mbele ya kioo.

Mnada ulifanyika baada ya alasiri kwenye sabla, ukumbi wa baraza wa mtaa wetu. Watu waliketi chini kuzunguka kuta, wameegemea mito, kahawa na halwa katikati. Dalali alikuwa jirani ambaye kazi yake ni kunadi mbuzi sokoni Ibra, na hakubadilisha hata kidogo namna yake ya kufanya kazi. Alivikumbatia vitu kifuani na kuzunguka navyo mbele ya kila mtu. Vilipofika viatu vya njumu alivigeuza soli juu.

"Tazameni meno! Kamili! Hana hata pengo!"

"Anatoa maziwa?" mtu akauliza.

"Ukimlisha vizuri."

Hata wajomba zangu walicheka, na mimi nilicheka, na papo hapo nikajiuliza kama ni halali kucheka.

Katikati ya kicheko mlango ukafunguliwa na akaingia mzee mrefu, mwembamba, mkongojo mkononi, ambaye mtu alikuwa amemleta kutoka Sur. Tulisimama wote. Nilikuwa karibu na mlango, nikamwahi mkono na kuubusu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, marahaba. Wewe wa nani?"

"Mjukuu wake. Mtoto wa binti yake."

Alinikazia macho kwa karibu. "Pua ni yake. Mungu akusaidie."

Baraza zima likacheka. Nikampisha kwenye mto wangu, nikaketi ubavuni pake. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa ndiye mshambuliaji wa kati.

Mpira uliletwa karibu na mwisho. Nilitaja bei na sauti yangu ilitoka sawa, nikashangaa. Binamu zangu wawili waliongeza kwa mzaha kisha wakaacha. Nikabaki peke yangu, dalali akaanza kuzunguka mara ya mwisho, na yule mzee, bila kuinua uso, akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza tena, taratibu, kama mtu anayesogeza kikombe.

Nilikuwa bado nina uwezo. Lakini nilikuwa nimeubusu mkono wake muda mfupi tu uliopita, na harufu ya udi wake ilikuwa bado puani mwangu. Nilifikiri: jina lake limo, langu halimo. Nikafikiri: huenda anaongeza ili kuwasaidia wafiwa, ili warithi wapate zaidi. Nikafikiri: huenda hajui kwamba nautaka kweli, na nikiongeza tena atajua, ataona haya, na nitakuwa nimemwaibisha mgeni katika baraza la marehemu. Dalali alisimama mbele yangu na mpira kifuani.

"Kijana? Unamwachia mzee?"

Wote walinitazama. Sikujibu, na mnadani kutojibu ni jibu.

Mzee akapewa mpira, akauweka mapajani. Akaushika kidogo, akaupapasa, kisha akanigeukia na kuusogeza mpaka ukagusa goti langu.

"Chukua, mjukuu wangu. Huu wako."

Katika nyumba yetu hakuna mtu anayepokea mara ya kwanza. Hata kipande cha halwa. Unakataa, unashikiliwa, unakataa kwa sauti ya chini zaidi, unashikiliwa tena, ndipo unapokea huku ukilalamika kwamba umelazimishwa. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kusoma.

"Hasha, babu," nilisema. "Ni wako."

"Chukua, bwana. Mie wa leo au kesho."

"Mungu akupe umri. Haiwezekani kabisa."

Na mikono yangu, nakumbuka, ilikuwa imekwisha geuka viganja juu, tayari kwa mara ya tatu.

Mara ya tatu haikuja. Alinitazama, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika. "Ahsante, mwanangu. Umelelewa," alisema, na akaufunga mpira ndani ya shali yake.

Niliwasaidia kumpeleka garini. Binti yake, aliyekuwa upande wa wanawake, alikaa kwenye usukani. Yeye alikaa nyuma na mpira kando yake, na kabla hawajaondoka nilimwona anauvutia mkanda wa gari na kuufunga.

Mama alikuwa jikoni anaosha vikombe vya kahawa. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu.

"Alikupa?"

"Alikuwa ananikirimu tu, mama."

"Umejuaje?"

"Si kawaida? Mtu akila akakuona unapita hukwambia karibu, lakini hukai."

"Na wewe ulipokataa?"

"Na mimi nilikuwa namkirimu."

Alifunga bomba. "Basi mmekirimiana mpaka mpira ukafika Sur," alisema, kisha akageukia dirisha, na kwa namna mabega yake yalivyokaa nilijua haoni lolote kule nje.

Siku zilizofuata niliishi ndani ya ule muda baina ya kukataa kwa pili na kutikisa kwake kichwa. Kama alitoa kwa moyo, basi nilimnyima kutoa. Kama alitoa kwa adabu tu, basi nilifanya vizuri, na mbona basi naumwa? Labda aliondoka Unguja kabla ya kujua kwamba watu hukataa mara mbili. Labda kwao walikataa mara moja. Labda alichoka mkono, mpira ule si mwepesi. Nilifika mpaka kuwaza niende Sur nikamuulize, nikapanga na maneno, na kila niliyoyapanga yalisikika kama mtu anayedai. Kile chumba mjomba alizima kiyoyozi. Kilipopata joto kama vyumba vingine, tuliweka humo magunia ya mchele.

Kisha siku moja nilikuwa Nizwa, nimetoka kwenye usaili wa kazi, nimekaa garini kwenye maegesho nikirudia kila jibu nililolitoa, simu ikalia. Alikuwa binti yake. Alisema mzee anataka kunisikia, akampa.

"Mjukuu wa golikipa?"

"Ndiye, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Macho yangu hayasomi tena, na hawa watoto hawajui hati zetu. Nimeushika hapa. Jina lake liko wapi?"

Nilifumba macho. "Weka kamba juu, ziangalie kidevu chako."

"Zinaangalia."

"Teremsha kidole gumba cha kushoto mpaka mshono wa pili. Hapo pana kama kovu."

"Pana kovu, naam."

"Chini yake. Limeandikwa kwa kuinama, linapanda."

Kidole kikakwaruza ngozi. Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake sauti za watoto.

"Hapa?"

"Sijui, babu. Sioni."

"Alikuwa akiandika vibaya," alisema. "Tulimcheka. Alikwambia nini juu yangu?"

Nilitafuta la kupunguza makali, nikalikosa. "Alisema wewe mwongo. Isipokuwa mguu."

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka binti yake akamwambia kitu, na yeye akamjibu amwache. Kisha kicheko kikaisha, na hakukata simu. Wala mimi sikukata. Mkono wangu uliokuwa huru ulikuwa umeinuka juu ya mapaja, umejikunja kushika kitu ambacho hakikuwapo, na kidole gumba kilikuwa mahali pake. Mtu aliyepita akinyoosha njia kwenda ofisini alinitazama kupitia kioo. Sikuushusha.

"Upo?" mzee aliuliza.

"Nipo."

"Na mie nipo. Usikate kwanza."