Mwalimu Faradji na Mkia wa Swali

Kwa miaka ishirini na miwili Mwalimu Faradji alifundisha Kiingereza mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, na kwa miaka yote hiyo kila swali lake lilimalizika kwa "isn't it?" Leo ni Jumatatu, isn't it? Umefanya kazi ya nyumbani, isn't it? Madereva wa pikipiki pale sokoni, wengi wao wanafunzi wake wa zamani, walimpungia mkono kwa mbali: "You are going home, Mwalimu, isn't it?" Naye aligusa kofia yake na kutabasamu, akiona mji mzima umeelimika.

Hakuwa mzembe. Kiingereza alijifunzia redioni, na katika kitabu kimoja ambacho marehemu baba yake, muuza vitambaa, alimletea kutoka Kigoma kikiwa hakina kurasa za mwisho. Maelezo ya mikia ya maswali yalikuwa huko huko kwenye kurasa zilizopotea. Basi pengo akaliziba kwa akili yake. Kifaransa kina "n'est-ce pas" moja tu, inatosha kila mahali. Kiswahili kina "sivyo", nayo haichagui mtu. Mwingereza naye atakuwa na moja yake, kwa nini ajitese?

Mwaka huo shule ilipata mwalimu wa pili wa Kiingereza, Dieudonnée, binti wa wakulima wa Kabambare aliyesomea ualimu Bukavu. Wiki ya kwanza aliomba kukaa nyuma ya darasa la Faradji ili ajionee kazi. Faradji, kwa madaha, akaandika ubaoni: "Your mother sells rice, isn't it?" Darasa zima likarudia kwa sauti moja.

Wanafunzi walipotoka, Dieudonnée alisogea mbele.

"Papa Faradji, naomba ruhusa. Iko neno moja linanisumbua."

"Sema, mwanangu."

"Huyu mama wa kuuza mchele, mkia wake ni 'doesn't she'."

"She nani tena?"

"Yeye mama mwenyewe. Mkia unamfuata mwenye sentensi. Na ile 'sells' imeficha 'does' tumboni, ndiyo inatoka mwishoni. Halafu sentensi ikikubali, mkia unakataa. Sentensi ikikataa, mkia unakubali. 'He can't swim, can he?'"

Faradji alicheka kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe. Akasema Kiingereza kina njia nyingi, akakusanya chaki zake, akaenda zake.

Nyumbani mkewe Hawa alimwona anachezea tu ugali na mboga ya majani ya muhogo.

"Baba Latifa, sombe iko mbaya leo?"

Akamweleza yote. Hawa, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, alifikiri kidogo.

"Huyo mutoto alikuambia mbele ya wanafunzi?"

"Hapana. Alingoja watoke."

"Basi amekuheshimu. Kula."

Ilimchukua siku nne kumeza maneno hayo. Siku ya tano alimfuata Dieudonnée katika chumba cha walimu na daftari jipya mkononi, akavuta kiti. "Nianzishe kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza."

Tangu hapo kila mapumziko waliketi pamoja. "They went to Kindu, didn't they?" "We have eaten, haven't we?" Alichokipenda zaidi kilikuwa sauti. Sauti ya mkia ikipanda, Dieudonnée alimwambia, hujui, unauliza kweli. Ikishuka, unajua tayari, unataka tu mwenzako akuitikie.

"Nipe mfano wa kushuka."

"You are stubborn, aren't you?"

Akaelewa papo hapo, na wote wawili wakacheka hadi mwalimu wa hesabu akawageukia.

Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya darasa lake. "Watoto, kwa miaka mingi nimefundisha kosa bila kujua. Futeni." Mwanafunzi mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata. Sokoni kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana alimsimamisha kila dereva aliyemjua. Djafari, aliyekuwa akipandisha abiria, alimwambia, "Mwalimu, petrol is expensive, isn't it?"

"Hiyo iko sawa!" Faradji akapaza sauti. "Hiyo usiiguse!"

Djafari aliondoka akitikisa kichwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima raha. Chadrack, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, alikuwa sasa anafundisha Kiingereza huko Wamaza, mwendo mrefu kutoka Kasongo. Kosa alilompa yeye, Chadrack alikuwa anawagawia wengine, na hao kesho watawagawia wengine tena. Kumsahihisha kwa simu aliona ni kukosa adabu. Aliomba ruhusa ya siku chache shuleni, akapanda pikipiki ya Djafari, daftari ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, akaenda. Mara tatu walishuka kuisukuma matopeni.

Chadrack alimpokea kwa mikono miwili, akamwingiza moja kwa moja darasani. Faradji akasema kilichomleta. Chadrack akaweka chaki mezani.

"Mwalimu, you are joking, isn't it?"

"Aren't you," Faradji akamjibu kwa upole. "I am joking, aren't you? La, ngoja, hapana..."

Darasa likaangua kicheko, na Chadrack naye. Kicheko kiliwafungua wote. Faradji alifundisha saa nzima, jasho likimtiririka, mpaka msichana mmoja aitwaye Aimée akainua mkono.

"Mwalimu, na 'I am' iko na mkia gani? 'Amn't I'?"

Faradji alifungua daftari. Hakuna. Akafungua tena, kana kwamba jibu lingejiandika. Hapo Wamaza mtandao ulipatikana kilimani tu, nyuma ya shule, basi akapanda, darasa zima likimfuata, akampigia Dieudonnée.

"'Aren't I', Papa."

"Lakini 'are' si ya 'I'!"

"Najua. Walikubaliana hivyo tu."

Akawageukia watoto. "'I am late, aren't I?' Sababu sina. Jibu ninalo." Nao wakalipokea bila ubishi, wakalipaza kwa kelele kuelekea bondeni, kila mmoja akijitangaza amechelewa.

Alikusudia kulala siku moja, akalala tatu, maana Chadrack alitaka afundishe na madarasa mengine. Djafari alipokuja kumchukua, alirudi Kasongo na kuku wa zawadi na karatasi yenye maswali kumi na moja ya watoto wa Wamaza. Hakujua jibu la hata moja. Njia nzima alimhimiza Djafari aongeze mwendo, ili amkute Dieudonnée kabla hajatoka shuleni.