Mvinyo wa Sita Ubaoni

Rolande Cazalis alikuwa na duka la mvinyo mjini Mèze, mtaa wa nyuma ya soko la samaki, na kila mwaka mwezi wa Mei ukielekea ukingoni aliandika kwa chaki, kwenye ubao wa mlangoni, aina kumi na mbili za mvinyo wa kunywa kiangazi kile. Ubao ulitaja jina, mahali mvinyo ulikotoka na chakula chake, basi. Picpoul, mweupe wa hapahapa, kwa chaza. Mweupe mwepesi wa milima ya Savoie, kwa siku ambazo joto limekuondolea hamu ya kula. Mwekundu wa Faugères, ukae nusu saa kwenye friji, kwa mbavu za kondoo. Muscat mtamu, kwa tikiti. Watu walisimama na vikapu vyao, wakasoma, wakaingia. "Nipe namba tatu na namba nane," walisema, kama wako kwa muuza dawa.

Kumi na mbili hizo hazikupatikana kirahisi. Rolande alianza kuonja tangu Februari, jikoni nyuma ya duka, peke yake, na siku zote na sahani mbele yake. Mvinyo bila chakula hakuutaka. "Kama ni mzuri hivyo ukiwa peke yake, basi uoe," alimwambia siku moja wakala aliyekuja na mkoba wa chupa na maneno mengi. "Mimi nautafutia sahani." Alichoma sardini, akaonja. Alikata jibini ya mbuzi, akaonja, akatema kwenye ndoo, akatafuna mkate, akarudia. Chupa mia tatu zilipita mezani pake, na hakuna mkulima aliyewahi kumtia haya ya kuukataa mvinyo wake.

Hata mdogo wake, Fulcran, hakumtia haya. Rozé ya Fulcran, mvinyo wa rangi ya waridi uliotoka katika shamba la marehemu baba yao huko vilimani Montbrassac, ilikuwa namba sita kwa miaka kumi na tisa, ukitoa miwili. Miaka hiyo miwili mvua iliharibu zabibu, na Rolande aliikataa rozé bila kupepesa macho. Fulcran alinuna wiki nzima, kisha akaja kula chaza, wakacheka, yakaisha.

Halafu ukaja mwaka wa moto. Moto ulishuka mwezi wa Agosti kutoka kwenye misonobari, ukala nyumba kumi na moja za Montbrassac, ukasimama barabarani, hatua mia mbili kabla ya mizabibu ya Fulcran. Watu walimpa mkono wakamwambia ana nyota. Lakini upepo ulikuwa umekufa, na moshi ukalala bondeni siku nne juu ya zabibu zilizokwisha kuanza kuiva. Septemba akavuna. Kwa macho zilikuwa zabibu nzuri, safi, zimejaa.

Katikati ya Mei iliyofuata alimletea dada yake chupa mbili. Alikuwa amejaza chupa chache tu; mvinyo mwingi ulikuwa bado kwenye tangi, ukisubiri neno la Rolande, kama ilivyokuwa desturi yao.

Rolande alichoma sardini, akamimina. Mwanzo ulikuwa uleule: stroberi, ganda la chungwa. Akameza, maana mvinyo wa Fulcran hakuwa akiutema, na hapo ndipo mdomo ulipomjaa majivu. Majivu ya baridi, kama amelamba jiko la jana. Akala mkate, akanywa maji, akasubiri saa nzima. Akaonja tena. Siku ya pili akafungua chupa nyingine. Siku ya tatu hakuwa na haja ya kuonja, ila alionja, na akakaa pale jikoni na glasi mkononi mpaka mteja akagonga kaunta.

Jumamosi Fulcran akaja. Dukani alikuwako mzee Archimbaud, mfuga chaza, aliyekuwa akimletea Rolande dazeni zake mbili kila wiki.

"Haya, dada," Fulcran alisema akivuta kiti, "namba sita, au mwaka huu nimepanda cheo?"

"Kaa kwanza."

"Ukiniambia nikae, najua kuna msiba."

"Fulcran, ina majivu."

"Ina nini?"

"Majivu. Mwishoni, ukishameza."

Fulcran aliivuta chupa, akamimina. Alichukua glasi, akanywa, akafumba macho. "Stroberi," alisema. "Chungwa. Chumvi kidogo mwishoni, kama ile ya baba. Majivu yako wapi?"

"Subiri. Usinywe maji."

"Nasubiri. Nitasubiri mpaka Krismasi, hakuna kitu hapa."

Rolande alimtazama usoni, akaona hasemi uongo. Alikwisha kusikia kwa wenzake wa kazi kwamba kuna watu ambao ulimi wao hauupati kabisa moshi wa aina hiyo, hata ukiwawekea wa kuchota kwa kijiko. Hakuwahi kufikiri kwamba mmoja wao angekuwa mkulima mwenyewe.

"Mzee Archimbaud, njoo uonje, tafadhali."

Mzee alionja, akafuta masharubu. "Nani kazima kiko chake humu?"

"We mzee!" Fulcran aliruka. "Miaka arobaini unavuta tumbaku, ulimi umekuwa soli ya kiatu, halafu ndio ushahidi huo?" Akamgeukia dada yake. "Sema tu umechoka kuniweka ubaoni."

"Nimewahi kukudanganya?"

"Hapana."

"Basi."

Aliondoka bila kula chaza.

Siku mbili baadaye alikuja Huguette, mkewe. Alikuwa mwanamke mkimya ambaye hakuwahi kuja dukani peke yake. Alisimama karibu na mlango kana kwamba ana haraka.

"Wifi, sikuja kugombana."

"Najua. Ingia."

"Asubuhi anatoka kwenda shambani. Namfuata na kahawa, namkuta amekaa kwenye trekta, injini haijawashwa. Anakaa tu. Saa nne nikirudi, bado yupo. Jana kaniambia moto ulimwacha ili amalizwe na dada yake."

"Huguette, mimi nimesema nilichokionja."

"Sikwambii useme uongo. Hata mimi nimeonja, naujua ulivyo." Machozi yalimlenga, akayazuia. "Nakwambia tu yule ni mtu wako. Mlizaliwa wawili tu, na wewe ndiye mkubwa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokaa. Jioni ile Rolande alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: alitafuta chakula cha kuficha. Ufundi wote wa miaka thelathini, wa kujua kipi kinainua kipi, aliugeuza. Alijaribu jibini, ikazidisha majivu. Alijaribu kome, ikawa mbaya zaidi. Siku ya nne alipata: pai ya pweza ya watu wa Sète, yenye nyanya na pilipili ya kuwasha, na mvinyo uwe wa baridi mpaka meno yaume. Hapo majivu yalizama, kwa mtu asiyejua pa kuyatafuta. Akatoka mlangoni akaandika: *6. Rozé ya Montbrassac. Baridi sana. Kwa pai ya pweza.*

Fulcran alipiga simu kesho yake. "Huguette kaniambia amepita akaona ubao. Unaona sasa? Ulimi wako ulikuwa na mafua tu."

Rolande alicheka kidogo.

"Basi najaza chupa. Tangi zima, wiki hii."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Aliijua nafasi ile ilipokuja, akaiona ikipita, na simu ikakatika. Baadaye, kila alipokumbuka mambo yale, hakujilaumu sana kwa ubao. Alijilaumu kwa simu.

Mvinyo ulioguswa na moshi hautulii chupani. Kila wiki majivu yalizidi, na ilipofika Julai pilipili yote ya Sète isingeweza kuyafunika. Hakuna aliyelalamika. Watu wa Mèze hawalalamiki, wanapunguza kuja. Walisoma ubao wakaomba namba tano, wakaomba namba saba, na katikati pakawa na kimya ambacho Rolande alikisikia vizuri kuliko matusi.

Kisha, asubuhi moja, akaingia Apolline Sicard. Rolande alimfahamu tangu shule. Nyumba yake Montbrassac ilikuwa miongoni mwa zile kumi na moja, na tangu moto ule alikuwa akiishi mjini, kwa binti yake, katika chumba kinachotazama maegesho ya magari. Alikuwa mikono mitupu. Hakusalimu.

"Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mjukuu," alisema. "Nikanunua namba sita. Nilitaka kitu cha kwetu mezani, unanielewa? Hata pai nilipika mwenyewe, kama ulivyoandika."

"Apolline…"

"Ngoja. Nikanywa. Na mdomoni mwangu ikaingia nyumba yangu. Ile asubuhi waliporuhusu turudi kutazama, nilipoinama kutafuta picha za mume wangu. Harufu ileile, Rolande, ila safari hii nimeimeza. Nikainuka mezani, wakadhani naumwa. Mtoto akalia." Aliegemea kaunta. "Nimekaa siku tatu najiambia labda ni mimi, labda kichwa changu. Ndiyo nimekuja kukuuliza. Ni mimi?"

"Si wewe."

"Ulijua?"

Rolande angeweza kusema mengi. Alisema, "Nilijua."

Apolline alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari. "Ahsante kwa kuniambia sina wazimu," alisema, akatoka, na hakuwahi kurudi katika duka lile.

Rolande alifunga mlango saa sita mchana, katikati ya Julai, watalii wakiwa wamejaa barabarani. Alifuta namba sita kwa kiganja. Akaendesha gari mpaka Montbrassac, akipita kuta nyeusi zisizo na mapaa, akamkuta Fulcran ghalani, katikati ya katoni zilizopangwa mpaka juu. Alimwambia yote akiwa amesimama: pai, pilipili, simu, Apolline.

Fulcran hakupaza sauti. Hilo lilimtisha zaidi.

"Kwa hiyo mzee Archimbaud alisema kweli."

"Ndiyo."

"Na wewe hukubadili mawazo."

"Hapana. Nilikuhurumia."

"Mwezi wa Mei," alisema polepole, "ningeupeleka wote kiwandani wakautengeneze spiriti. Ningelia siku mbili, nikasafisha tangi, nikaanza upya. Sasa watu wameunywa na jina langu juu yake. Apolline ameunywa." Alishika katoni moja kama anayeijaribu uzito, akaiacha. "Mimi siwezi kuyaonja, Rolande. Hata sasa ukinipa glasi naonja stroberi. Mimi sina ulimi wa kitu hiki. Ulimi niliokuwa nao ulikuwa wako."

Rolande aligeuka kutoka. Huguette alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala na aproni yake, na wala hakumtazama.

Vuli ile Fulcran aliwaachia majirani wavune zabibu zake. Februari akaja mtu na mashine, akang'oa mizabibu yote, hata ile mistari ya juu aliyoipanda babu yao, na ardhi ikabaki nyekundu, yenye mashimo. Fulcran akapata kazi ya kuendesha lori la wafuga chaza. Watu walisema anaifanya vizuri, hachelewi.

Rolande aliendelea na duka. Aliendelea pia kuonja, na alikuwa akionja sawasawa kama zamani, lakini wateja waliosoma ubao sasa walimuuliza, "Una hakika na huu?" Waliuliza kwa adabu. Yeye alijibu kwa adabu.

Huguette ndiye aliyewarudisha meza moja, nyumbani kwa Rolande, Jumapili moja moja, bila kueleza sababu. Fulcran anakuja amenyoa, amevaa shati safi. Wanaongea habari za goti la Huguette, za barabara mpya, za maji ya ziwa la wafuga chaza kupata joto na chaza kufa. Rolande akiweka chupa mezani, Fulcran anajimiminia maji. Hafanyi hivyo kwa hasira. Anakula, anasifu chakula, anamsaidia dada yake kutoa sahani, na ikifika saa tisa anasema lori linaamka mapema, anamwita mkewe, wanaondoka.