Mashine ya Mama Levina Ina Gemu Nne

Agnetha, fundi cherehani wa Gongoni, alianza kucheza gemu akiwa na miaka hamsini na sita, na chanzo kilikuwa mguu. Aliteleza kwenye ngazi za kanisa, akafungwa plasta, na binti yake Levina, aliyechoka kusikia malalamiko kwenye simu, akamtumia kutoka Mwanza mashine ya gemu ya kuunganisha kwenye televisheni. Mguu ukapona. Padi ya kuchezea hakuiweka chini.

Jambo hilo lilimkera Xavery, mwalimu wa kwaya, mwanamume mwenye tumbo la heshima na mashine yake mwenyewe, ya aina nyingine, aliyoisifia kuliko alivyowahi kumsifia mkewe. Kila akija kupunguza suruali, mjadala ulianza upya.

"Mama Levina, hiyo nayo ni mashine? Ina gemu nne! Tena za katuni."

"Nne nzuri, Mwalimu. Zako nzuri ngapi?"

"Hazihesabiki."

"Basi Jumapili baada ya misa njoo uzihesabu, kwaya isikie, ipige kura mashine ipi ni bora."

Jumapili hiyo kwaya nzima ilijaa sebuleni kwa Agnetha, wengi wao kwa ajili ya pilau. Xavery akasimama, akakohoa kama anayetaka kuanzisha wimbo wa Utukufu, akataja gemu ya mpira ya mwaka huu. Kisha ya mwaka jana. Kisha ya mwaka juzi. Alipofika ya nne, Mektilda wa sauti ya kwanza akauliza kwa upole kama zinatofautiana jezi tu. Watu wakacheka mpaka pilau ikampalia mmoja wa besi, akapigwapigwa mgongoni.

Xavery alikuwa ameumbuka, na mtu aliyeumbuka hachagui maneno. "Na wewe je? Si unalima tu humo! Ulikimbia jembe kijijini Ziba ukiwa binti, leo unashinda unalima kwenye televisheni!"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa zaidi, nacho kilimchoma. Agnetha hakukimbia jembe. Baba yake alipofariki, kaka zake waligawana shamba na ng'ombe wote, yeye wakampa kitenge. Hakuwahi kumwambia mtu pale kwayani, wala hakukusudia kusema siku hiyo, lakini mdomo ulimtangulia.

"Humo nina ng'ombe kumi na wawili," alisema. "Kila mmoja ana jina lake. Na sina kaka hata mmoja."

Xavery akatazama viatu vyake, kisha akanyoosha mkono. "Hebu lete padi nione."

Kabla chai haijapoa alikuwa amekata michungwa yote, amewafungia kuku nje kwenye mvua, na amemwaga maji juu ya jirani aliyekuja kusalimia. Wanakwaya walimzomea kwa sauti nne, wakijipanga vizuri kuliko walivyowahi kujipanga madhabahuni. Kura ilisahaulika.

Jumatano Xavery alibisha hodi akiwa na suruali isiyo na kasoro yoyote mkononi.

"Bado nasema gemu ni chache," alisema mlangoni.

"Sawa, Mwalimu."

"Wale kuku walipona?"

"Wawili bado wanapiga chafya. Vua viatu uingie, leo unachimba mtaro."