Siku Nilipojifanya Garanti ya Kampuni

Naona haya kulisimulia hili, hasa kwenu mnaoniona kila Jumapili nikiongoza rozari katika parokia yetu hapa Kamina, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko sokoni, ambako limekwisha kutiwa chumvi (ingawa, Mungu anisamehe, chumvi yangu mwenyewe ilitosha).

Kampuni moja ya bima ilikuja kufungua ofisi karibu na stesheni, ikisema itawalipa wafanyakazi watakaoumia kazini, nami nikaombwa sala fupi ya ufunguzi. Sala niliimaliza vizuri. Ningekaa tu. Lakini mikrofoni ilikuwa bado mkononi, na papa Kabamba, mstaafu wa reli, akasimama kuuliza:

"Hata chumba ya kupanga, unaweka garanti mbele ya kuingia. Hii kampuni iliweka garanti yake kwa Leta? Bantu bakiumia na kampuni ikianguka, nani atabalipa?"

Swali la haki kabisa, maana serikali, ndiyo hiyo Leta, huitaka dhamana hiyo kabla kampuni haijaanza kazi. Meneja akakohoa. Mimi, badala ya kumwacha ajibu, niliona mgeni wetu anaaibishwa (na kiti cha mbele walichonipa kilikuwa kimenilevya kidogo), nikajibu mimi:

"Kabamba, weye kila siku mashaka! Garanti? Minyi njo garanti yabo!"

Yaani mimi ndiye dhamana yao. Makofi, vigelegele! Bwana mmoja anayejenga shule akawaandikisha waashi wake na kulipa michango yao siku ile ile, nami nikashiba kuku na soda.

Mvua hazijakwisha, fundi Ilunga, mmoja wa waashi hao, akaanguka kutoka juu ya ukuta, akavunjika mguu. Bosi wake akakimbilia ile ofisi, akakuta kufuli. Kampuni imetoweka, na serikalini haikuwa imeweka hata senti ya kuwafuta machozi walioumia.

Jumapili, misa imetoka, watu wamejaa uwanjani, nikaona baiskeli inasukumwa, Ilunga amekaa nyuma, mguu wa plasta umenyooshwa kama fimbo. Mkewe, mama Ngoie, akaisimamisha mbele yangu.

"Papa, jambo. Nimekuletea mugonjwa wako."

"Wangu namna gani, mama?"

"Si weye njo garanti?"

Kabamba alikuwa pale pale. Nilitamani acheke, ingekuwa nafuu, lakini alivua kofia akatazama chini. Nikaanza kusema lile lilikuwa neno la furaha tu, ndipo Ilunga mwenyewe akasema taratibu:

"Minyi pia nilikuwa na swali ile siku, Papa. Nilipokusikia, nikanyamaza."



Nimeapa: baraka nitamwombea kila afunguaye mlango, lakini anayekusanya michango ya wafanyakazi nitamwuliza kwanza dhamana yake iko wapi. Ilunga bado hawezi kulima. Basi Jumamosi napalilia muhogo wake, mgongo unalia, namshukuru Mungu kwamba mgongo bado ninao, na yeye amekaa ukingoni mwa shamba na magongo yake, ananiangalia.

"Papa, kule nyuma uliacha majani!"

Nageuka, narudi.